Palizi Pale pa Mama Lila

27 Mei, Jumanne

Mzee Rakesh amelazwa. Nimefika saa mbili asubuhi kama kawaida, nikamkuta ameketi kwenye ngazi anahema, midomo imekuwa ya kijivu. Nimonia, wamesema. Walipokuwa wakimwingiza kwenye ambulensi alinishika mkono kwa nguvu, nikadhani anaogopa. Kumbe anataka daftari.

"Gakii, leo Jumanne. Nani atahesabu?"

"Mzee, hesabu pumzi zako kwanza," nikamwambia.

Angel, kama unasoma hii (na najua unasoma, chumba chetu ni kimoja na kalamu huwa siikuti nilipoiacha), ndiyo, ni yule mzee ninayemhudumia kule mwisho wa London, treni mbili na basi kutoka hapa Woolwich. Mhindi wa Nakuru. Aliondoka huko akiwa kijana wa dukani na Kiswahili chake bado ni cha dukani, hakijaota kutu.

30 Mei

Nimemwona wodini. Mrija puani, daftari kifuani. Bintiye Nishma alikuwa dirishani anaongea na simu ya kazi. Si mtu mbaya Nishma, lakini hunisemesha kama anayebonyeza mashine ya kufulia.

Daftari ni la marehemu mkewe. Mama Lila alianza kutembea kwenye kilima cha chokaa, vituo vinne vya basi kutoka kwao, miaka ishirini na tano iliyopita, kila Jumanne yenye jua, Aprili hadi Septemba, njia ile ile, akihesabu vipepeo. Alipofariki, mzee akaishika njia. Huenda peke yake na fimbo yake, mimi nikibaki nyumbani kufua na kupika. Sikuwahi kukanyaga huko.

Leo amenifundisha masharti kwa sauti ya kukwaruza. Jua liwepo. Upepo usitikise matawi. Tembea polepole, usirudi nyuma. Hesabu walio ndani ya hatua tano tu, mbili na nusu kila upande.

"Aliye nje ya hapo, hata akutue puani, hahesabiwi."

"Hata akiwa yule unayemtaka?"

"Hasa huyo."

Anayemtaka anaitwa Kadogo. Jina alipewa na Mama Lila. Ni kipepeo mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mweusi wa masizi, na buluu yake mpaka uitafute. Huruka Mei na Juni, halafu watoto wao huruka Agosti. Kilimani kwao wako mahali pamoja tu, mbele ya benchi lenye jina la Mama Lila.

Halafu akaniambia lile jambo. Jicho la kushoto limeshakufa, hilo najua, mimi ndiye humtia dawa. La kulia linafuata. Daktari amesema baridi ikiingia atakuwa anaona mwanga na kivuli basi.

"Wa Juni nimewakosa, Gakii. Nimebakiza wa Agosti. Nikimwona Kadogo mara moja tu, macho yaende yanakotaka." Akakohoa mpaka Nishma akageuka. "Nitunzie pale pa Lila mpaka nitoke."

Nikamwahidi. Nimelelewa Nkubu, kwetu ahadi kwa mgonjwa si maneno ya kumfurahisha tu.

3 Juni, Jumanne

Kampuni haijanipa mgonjwa mwingine wa Jumanne, kwa hiyo siku ni yangu. Nimepanda kilima. Woi, magoti! Nyasi fupi, udongo mweupe kama unga wa ugali, na upepo wa kukuvua kitambaa. Wazungu wawili wenye darubini walinisalimia kama wananijua.

Nimehesabu. Kahawia 14. Wenye madoa meupe na meusi, watatu. Kadogo 9! Tisa, mbele ya benchi, kwenye maua ya manjano. Nilimpigia simu wodini papo hapo.

"Tisa," akasema. "Lila angefurahi."

10 Juni

Mvua. Hairuhusiwi kuhesabu.

17 Juni, Jumanne

Kadogo 4. Mzee ameondolewa mrija. Kunde zangu nyuma ya jikoni kwake zinanyauka, udongo umepasuka. Nimezimwagilia ndoo sita.

24 Juni, Jumanne

Nimechoka lakini moyo ni mweupe. Lazima niandike kabla sijalala.

Kadogo hakuna leo, msimu wao wa kwanza umekwisha. Nikaketi kwenye benchi la Mama Lila kupumzika, na hapo ndipo nilipopaangalia vizuri. Jamani! Magugu mpaka magotini. Yale maua ya manjano yameshanyauka, yamebaki vichwa vya kahawia vyenye sufu, vimelala ovyo mbele ya kibao chenye jina lake. Pembeni mbigili. Nikaona haya. Kwetu ukipita pahali pa marehemu ukakuta pameota hivyo, husemi maua. Unasema huyu hakuacha watu. Na si nimeambiwa nipatunze?

Mkono wa mwanamke wa Meru haukai mbele ya magugu. Nilikuwa na kile kisu cha kukatia mboga kwenye mkoba. Nikavua koti, nikainama. Saa tatu nzima. Nilipalilia mbele ya benchi kuanzia njia hadi kwenye kichaka cha miiba, ukubwa wa vyumba viwili, mizizi na yote, mpaka ardhi ikawa nyeupe safi kama uwanja uliofagiliwa. Hakupita mtu. Mgongo unaniuma na ninaufurahia.

Magugu sikuyatupa, mimi si mjinga. Nimejaza mifuko miwili mikubwa, nikashuka nayo kwa basi huku watu wakiniangalia, nikaenda kuyatandaza chini ya kunde za mzee yashike unyevu. Nikamwagilia juu yake.

Sitamwambia kwenye simu. Ajionee mwenyewe.

1 Julai

Mzee amerudi nyumbani. Amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Amenusa jikoni akasema, "Nani kapika kunde?" Nikamwona Nishma anatabasamu kwa mara ya kwanza.

8 Julai, Jumanne

Sijui nianzie wapi. Angel, leo usisome. Au soma.

Nimempeleka mzee kilimani kwa kiti cha magurudumu. Kuna njia ya lami mpaka karibu na benchi. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisani. Njia nzima nilikuwa nasubiri shukrani, nimeshaitengenezea jibu: aa mzee, si kitu.

Tulipofika akainua uso, akawa anageuza kichwa kama kuku ili lile jicho zima lipate kuona.

"Tumepita?" akauliza. "Hapa sipo."

"Ndipo, mzee. Benchi hili hapa."

"Maua yako wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia mtu anakimbia. Alikuwa Jaswinder, mlinzi wa hifadhi ya kile kilima, dada wa miaka thelathini na kitu, buti na kofia. Babake alizaliwa Nairobi. Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa likizo wiki tatu, ndiyo kwanza amerudi. Alisimama pale pangu peupe, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema neno ambalo sitaliandika.

Halafu akapiga magoti na kuanza kupekua udongo kwa vidole. Ndipo nikaelezwa, huku nimesimama nimeshika kiti. Kadogo hutaga yai kwenye lile ua la manjano lenye sufu. Hilo tu. Mtoto wake hula mbegu za ua hilo, hajui chakula kingine duniani. Vile vichwa vya kahawia vilivyonyauka ndivyo vilivyokuwa na watoto ndani. Watoto wa Agosti.

"Mtu ameiba kila mmea," Jaswinder akasema. "Ameng'oa na mizizi. Kuna watu huiba mimea wakauze. Ni kosa la jinai hapa. Nawapigia polisi."

Nilitaka kusema. Nakuapia nilitaka.

Akanigeukia. "Wewe ulikuja kuhesabu Juni. Uliona mtu yeyote?"

"Sikuona mtu," nikasema.

Na kweli sikuona. Mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Tulipofika nyumbani aliomba nimfungulie daftari ukurasa wa Agosti, mtupu, akaupapasa kwa kiganja.

9 Julai

Angel amesoma. Ameketi kwenye kitanda changu na sare yake ya wodini, hajavua hata viatu.

"Nyamaza," amesema. "Nimesema nyamaza, Gakii. Polisi wakiandika jina lako tu, kampuni inakutema. Kampuni ikikutema, viza inaenda nayo. Una siku sitini, halafu Nkubu. Marion atasomeshwa na vipepeo?"

Marion ni binti yangu, yuko kidato cha tatu.

15 Julai, Jumanne

Wamebandika tangazo kwenye lango la kilima. Picha ya ua, na maandishi: MIMEA IMEIBWA, ULIONA NINI? Nimepita mbele yake nikisukuma kiti. Kadogo 0, lakini Julai ni kawaida.

Jaswinder alinipa kopi mbili nibandike kwenye kituo cha basi. Nikabandika. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii.

18 Julai

Amemwaga chai leo, aliweka kikombe nje ya meza. Hakukiona ukingo. Tukajifanya wote wawili kwamba kimeteleza.

22 Julai, Jumanne

Kuna vipepeo wengine wapya, wa samawati iliyopauka, wengi, warembo. Nikamwonyesha mzee, nikitumaini. "Hao ni wakubwa," akasema. "Hao hata kipofu anawaona." Akacheka peke yake.

Tulipofika benchi aliniambia nisimame. Tukakaa pale saa moja na nusu, yeye na kioo chake cha kukuzia mkononi, amekishika tayari. Ardhi yangu nyeupe mbele yetu, jua linaipiga, hakuna hata inzi. Nilitamani inifunike.

29 Julai, Jumanne

Jaswinder alikuja kuketi nasi. Nimezoea kumwita moyoni askari wa majani, kwa ile midomo aliyoibana na daftari analoandikia wanaovunja sheria za kilima. Leo ilikuwa siku yake ya mapumziko na bado alikuja, na chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya mzee. Kumbe Mama Lila ndiye aliyemfundisha kazi, yeye Jaswinder akiwa msichana wa shule anayemfuata kilimani. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile.

"Nikimpata huyo mtu," akasema, "nitamuuliza swali moja tu. Kwa nini?"

Nilikuwa nakata embe. Nikajikata kidole.

5 Agosti, Jumanne

Kadogo 0. Mzee amenitaka niandike sifuri mbele yake, nimsomee.

Halafu akaniambia habari ya Lila, bila kuulizwa. Walipofika nchi hii, mwaka mzima alilia. Nakuru alikuwa anamjua muuza maziwa, mbuzi wa muuza maziwa, kila mtu. Hapa hakuna kitu alichokijua jina. Miaka ikapita, watoto wakasoma, bado anasema hapa si kwangu. Siku moja akapanda kile kilima kwa hasira tu, kuutoroka ugomvi wao wawili, akamwona Kadogo, akauliza mtu, akaambiwa jina. "Alirudi nyumbani akaniambia, sasa namjua mmoja," mzee akasema. "Kuanzia siku hiyo hakulia tena."

Nikaenda chooni nikafungua bomba, nikalia.

7 Agosti

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi yangu alikuwa anasema hivyo akitutazama mmoja mmoja mpaka mwenye kosa ajitaje. Nimemwota usiku. Hakusema kitu, alinitazama tu.

12 Agosti, Jumanne

Kadogo 0. Mbele ya benchi mzee alikizungusha kile kioo mkononi, akakitia mfukoni.

"Basi, Gakii. Tusirudi tena."

"Mzee, Agosti bado."

"Agosti ipo. Jicho ndilo halipo. Leo uso wako siuoni, naona kitambaa tu." Akatafuta mkono wangu kwenye kiti, akaupigapiga. "Umejitahidi sana. Umepatunza."

Umepatunza! Nilihisi kama nimechapwa kofi. Nikapiga magoti pale pale, nikasema, "Mzee, kuna jambo," na simu yake ikalia. Nishma. Anataka kujua saa ya dawa. Alipomaliza, mzee alikuwa amefumba macho, amechoka, na mimi ujasiri wote ulikuwa umekwisha kama maji kwenye mchanga. Najichukia. Naandika hivyo ilivyo.

Jaswinder atakuja keshokutwa nyumbani kuchukua daftari. Kisha ataipeleka hesabu ya mwaka huu ofisini kwao: Kadogo ametoweka kilimani.

14 Agosti, Alhamisi

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Asubuhi kulikuwa na mawingu, jua linachungulia na kujificha. Jaswinder alifika saa tano. Nikampa chai, nikamwacha sebuleni na mzee na daftari mezani kati yao, wanaongea kwa sauti za matangani. Nikatoka nyuma ya jikoni kuchuma kunde za mchana. Sikuwa na haja ya kunde. Nilikuwa siwezi kukaa mle ndani.

Kunde zimestawi. Yale magugu niliyotandaza yameoza chini, mengine yameshika mizizi kwa ule umwagiliaji, yamechipua ua moja moja la manjano. Niliinama, na kitu kikapita mbele ya jani.

Nikadhani ni nondo. Kikatua kwenye kidole cha glavu ya mpira niliyovaa. Kidogo kuliko ukucha. Chini ya mbawa fedha yenye nukta, juu masizi, na jua lilipochungulia nikaiona ile buluu. Imenyunyizwa tu, kama aliyeitia alikuwa anabana matumizi.

Akaruka. Pale kwenye ua alikuwepo mwingine. Na wa tatu. Na mimi niliyedhani watoto wa Agosti wameoza pamoja na magugu!

Nitasema ukweli kuhusu nilichokiwaza, kwa sababu shajara ya uongo haina faida. Sikuwaza "asante Mungu". Niliwaza: Jaswinder yuko sebuleni. Akitoka hapa ataona ua la sufu chini ya kunde zangu, na hataniuliza swali mara mbili. Niliwaza viza. Niliwaza Marion na sare yake ya shule. Nikawaza, ngoja, Gakii, ngoja tu Jaswinder aondoke, nusu saa, kisha umwite mzee peke yake. Mzee hatasema.

Nikatazama juu. Wingu kubwa lilikuwa linakuja kutoka upande wa Croydon, jeusi, na nyuma yake hakuna mwanya. Kadogo haruki bila jua. Angejificha kwenye nyasi, na kesho mvua, na keshokutwa mvua, nimeiona kwenye simu. Na lile jicho nalo halisubiri. Juzi aliona kitambaa. Kesho?

"Mzee!" nikapiga kelele. Sijui nilitoa wapi ile sauti. "Mzee Rakesh! Jaswinder, mlete mzee! Sasa hivi! Mlete na kioo chake!"

Walidhani nimeumwa na nyoka. Jaswinder alimkokota kwenye kiti mpaka magurudumu yakakwama mlangoni, tukamnyanyua na kiti chake, mimi huku, yeye huku. Nikamshusha mbele ya kunde. Nikamshika kiganja, kilikuwa na jasho, nikakiweka wazi karibu na ua.

"Usitikisike," nikamwambia.

Jaswinder alikuwa ameshaona. Alisimama wima, anatazama chini, kwenye yale matandazo, anayafuata kwa macho kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine. Sikumwangalia usoni.

Kadogo alizunguka mara mbili. Akatua kwenye kiganja cha mzee, hapa kwenye mstari wa maisha, akatoa ulimi wake mwembamba akaanza kunywa jasho. Mzee akaleta kioo kwa ule mkono mwingine. Kioo kinatembea, nikakishika kwa chini. Akageuza kichwa kama kuku. Akatafuta. Akatafuta sana.

Kisha nikamwona amempata. Uso wote ulitulia.

"Kadogo," akasema. Na baada yake maneno ya Kigujarati, ya chini, hayakuwa yetu sisi.

Jua lilikaa kidogo. Halafu wingu likafunika, na kipepeo akafunga mbawa akashuka kwenye majani.

"Gakii," Jaswinder akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimjue. "Kwa nini?"

Swali lake lile moja. Nikajibu nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. "Ni mimi. Nilipalilia. Mzee aliniambia nipatunze pale pa Mama Lila, na kwetu pahali pa marehemu hapaachiwi magugu. Sikujua kama ndiyo nyumba yao. Nilipojua niliogopa. Polisi, viza, mtoto wangu. Nikakudanganya, nikabandika na matangazo yako. Mzee, nisamehe."

Nilisikia treni ikipita kule chini. Kisha mzee akaanza kutikisika mabega, nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka huku machozi yanashuka.

"Ulipalilia," akasema. "Kilima cha serikali. Kwa kisu cha mboga." Akashusha pumzi. "Lila angekuchapa, Gakii. Wallahi angekuchapa."

Jaswinder hakucheka. Alikuwa mweupe midomo. Aliingia ndani, akarudi na daftari na kalamu, nikajua sasa ananiandikia kosa. Akaufungua ukurasa wa Agosti, akampa mzee kalamu.

"Watatu," akasema kwa sauti kavu. "Nimewaona mwenyewe. Nitasaini. Hawa ni wa kilimani, hawajaisha, unaweza kuandika tatu."

Mzee akashika kalamu. Akakaa nayo. Bado alikuwa amekiacha kile kiganja wazi juu ya goti.

"Wamo ndani ya hatua tano?" akaniuliza.

"Mzee?"

"Kutoka kwenye njia ya Lila. Hapa ni hatua ngapi?"

"Ni mwendo wa basi vituo vinne, mzee."

"Ala! Basi wako nje." Akanirudishia kalamu. "Andika sifuri, Gakii. Uandike wazi nisije nikaidanganya hesabu yake."

Nikaandika sifuri. Imetoka kama yai.

26 Agosti

Jaswinder amewaambia polisi kwamba mimea imepatikana na hakuna wizi. Kwa kampuni hajasema kitu, wala hajaniahidi hatasema. Nishma anajua, mzee alimwambia mwenyewe akiwa anacheka, na Nishma akaniangalia muda mrefu, kisha akauliza kama kunde zimebaki.

2 Septemba, Jumanne

Jaswinder alikuja asubuhi na gari. Bado ananisalimia kwa nusu mdomo, na haki yake. Alileta karatasi iliyoandikwa vichwa vingapi vya mbegu nikusanye, vilivyokomaa tu, robo niviache pale chini ya kunde kwa ajili ya hao waliopo. Anasema lile ua huota kwenye ardhi tupu, na ardhi tupu kilimani ipo tele, nani asiyejua. Miaka miwili, pengine mitatu, kabla halijachanua la kutosha.

Tulipanda sote watatu. Mzee alipakata mfuko wa mbegu njia nzima. Sasa anaona mwanga na kivuli basi, na hata hivyo mbele ya benchi aligeuza kichwa kama anatafuta.

"Gakii," akasema, "umebeba kisu?"

"Nimekiacha nyumbani, mzee."

"Mkoba wake uangaliwe," akamwambia Jaswinder.

Na Jaswinder, uso mkavu vile vile, akanyoosha mkono, akaufungua mkoba wangu, akaangalia mpaka chini.